Kisutu cha Krismasi

Mwezi uliopita nilialikwa Tabata kwenye harusi ya mjukuu wa Zuhura. Mtu wa umri wangu akialikwa harusini hupewa kiti cha plastiki mbali na spika, sahani yake hujazwa nyama asiyoweza kuitafuna, na kila baada ya dakika kumi msichana mmoja huja kumwinamia na kumwuliza, "Bibi, uko sawa?" Nilikuwa sawa. Zuhura alikaa pembeni yangu chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kwa sababu viti vya plastiki anasema vililetwa na adui. Bibi harusi alipopitishwa mbele yetu, juu ya gauni lake la dukani amefunikwa kanga nyekundu yenye nyeusi na nyeupe, Zuhura alinigonga mguuni kwa kiwiko. "Asnati," akaniambia, "na hiyo umechagua wewe?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na yule msichana akaja mbio akidhani mmoja wetu amepaliwa. Vijana wakataka kujua tunacheka nini. Zuhura akawaambia mwulizeni huyu, mie sina meno ya kusimulia. Nikaanza, lakini muziki ulikuwa mkubwa na kisa chenyewe si cha kupigiwa kelele. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa najua kila kitu. Habari za tulivyofika pwani kutoka Upare, na kwa nini nililelewa na mama mdogo Rebeka, ni ndefu na zinawahusu watu wengine, nitaziruka. Itoshe kusema tulikaa vyumba viwili nyuma ya kanisa, Buguruni, wakati Buguruni bado ni mikorosho na minazi na njia za mchanga unaochoma nyayo, Mwingereza yuko Ikulu yake na sisi tuko kwetu, na mtu akienda mjini anaaga kana kwamba anasafiri. Mama mdogo alikuwa mjane wa miaka thelathini na ushei. Alikuwa na cherehani ya mkono iliyokaa juu ya meza ile ile tuliyolia chakula, kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu kukuta uzi kwenye maharage. Kanisa lilikuwa la udongo na makuti, na mabenchi tisa, manane ya kukalia na moja lenye mguu mbovu, la kuwaonya wageni. Waumini walikuwa watu wa bara: makarani, wapagazi wa bandarini, wapishi wa Wazungu, watu wa reli, kila mmoja akiimba wimbo ule ule kwa lafudhi ya kwao. Mchungaji alikuja kutoka mjini mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa mwinjilisti wetu Yoeli, ambaye sote tulimwita Mwalimu, kapera kutoka Ugogo, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Kila Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, alikula kwetu. Siku hiyo mama mdogo aliondoa cherehani mezani, nami niliona ni adabu tu.

Jirani yetu upande wa kisimani alikuwa Bi Mwanaisha, Mzaramo wa hapo hapo, mtafuna tambuu na msema atakalo. Aliishi na mjukuu wake Zuhura, wa rika langu, ambaye mwaka ule alikuwa amewekwa ndani akingoja kuolewa. Posa ilikuwa imeletwa tangu kabla ya Ramadhani. Mchumba alikuwa Saidi, seremala wa Temeke, na Zuhura alikuwa amemchungulia kwenye upenyo wa mlango siku aliyoleta kitanda cha bibi, akampenda kabla kitanda hakijatua chini. Tatizo lilikuwa mama yake Saidi. Kila mwezi alikuja, akanywa chai, akasema "tunajipanga," akaondoka. "Wanajipanga kama askari," Bi Mwanaisha alisema, "na vitani hawaendi." Ilinong'onwa kwamba mama huyo amesikia habari za binti mwingine, wa Kinondoni, ambaye baba yake ana shamba la minazi. Kila alasiri nilikwenda kukaa na Zuhura katika chumba cha ndani, chumba chenye harufu ya udi na ya miyaa mibichi, yeye akisuka ukili na mimi nikimharibia. Alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Shoga," aliniambia, "wakichelewa mpaka Pasaka yenu, mie nitakuwa nimesuka mkeka wa kufika Morogoro." Kwa kuwa mkeka wa kufika Morogoro haukuwa na kazi, alitusukia jamvi la kanisa, refu kutoka mlangoni hadi mbele, ili watoto wasikae vumbini. Ndugu wa bibi waliuliza inakuwaje mtoto wa Kiislamu asukie kanisa. Bi Mwanaisha akawajibu kwamba Mungu ni mmoja ila makalio ya watoto ni mengi.

Ndivyo walivyokuwa. Sikukuu ya Idi ilipofika, kila nyumba ya Mkristo iliyowazunguka ilipata sinia la pilau limefunikwa kawa. Kwa desturi ya pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama utatia ndimu mbili. Sisi wa bara tulivisugua vyombo vile kwa mchanga mpaka vikang'aa, tukavirudisha vitupu, tukijiona watu safi sana. Tulifanya hivyo Idi mbili mfululizo, mpaka Bi Mwanaisha alipomwuliza mama mdogo kwa upole kama kwetu milimani hata chumvi huwa hakuna. Mama mdogo aliona aibu hadi akaumwa kichwa. Alipeleka jambo hilo kwa wazee wa kanisa, na wazee, wakiongozwa na Mzee Elikana, mtu wa Machame, karani wa reli mwenye saa ya mfukoni, wakaamua kwamba Krismasi ile kanisa litatoa shukrani. Bibi atapewa mchele na sukari, na binti aliyesuka jamvi atapewa doti ya kanga. Mwalimu atakabidhi, kwa niaba ya wote. Na kwa kuwa Mwalimu hakujua kanga moja na nyingine, kazi ya kuchagua akanipa mimi.

Leo najiuliza kwa nini sikumwambia hata Mama Tabitha wa kwaya anisindikize. Jibu ni kwamba nilikuwa mtu wa bara niliyekaa pwani miaka minne, na hakuna mtaalamu wa pwani kama huyo. Nilijua kwamba kanga husema. Nilijua kwamba ukimpa mtu kanga yenye maneno mabaya umemtukana mbele ya ukoo mzima. Nikaenda mpaka Ilala, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyevaa miwani puani, nikasoma kanga zake zote moja moja. Moja ilimsema jirani mchunguzi, nyingine ilimsema mke mwenza, ya tatu sikuielewa na kwa hiyo niliiogopa zaidi. Halafu nikaiona juu kabisa kwenye rafu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nzito, nzuri, na haina neno hata moja. Nilifurahi kwa akili yangu. Kanga isiyosema kitu itamkosea nani? Mhindi aliishusha, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Harusi lini?" Nikamjibu, "Ni ya Krismasi." Akasema, "Mungu abariki," akaifunga kwenye gazeti na kuikaza kwa uzi. Nilimkabidhi Mwalimu kifurushi kile kile na kumwonya asikifungue, kisije kikaingia vumbi. Akatii.

Krismasi yenyewe ilikuwa Jumatatu. Tangu Jumamosi watu walikuwa wakijenga Krismasi ya kwao, maana nauli ya kwenda bara hawakuwa nayo na likizo hawakupewa. Vijana wa bandarini walikata mvinje huko ufukweni wakausimamisha mbele ya kanisa kuwa mti wa Krismasi, na mtu mmoja aliyewahi kupika kwa Mzungu akasema mti lazima uwe na theluji. Ikatafutwa sufi. Mzee Elikana mwenyewe alitoa mto wake upasuliwe, kisha akashinda mchana kutwa akiwakosoa. "Theluji haikai hivyo," alisema. "Nimezaliwa chini ya Kibo, mnanifundisha theluji?" Mnyakyusa mmoja akamwuliza kama amewahi kuishika. Mzee akakiri kwamba hapana, lakini amewahi kuitazama kila siku kwa miaka ishirini, na hilo lilionekana kuwa sababu ya kutosha. Jikoni kwetu wanawake walibishana kama ndizi za nyama zipikwe kwa nazi au la. Mbuzi wawili walichinjwa na kaka yake Bi Mwanaisha, kama desturi, ili jirani asije akala kwa macho tu. Mama mdogo aliimba sauti ya pili tangu alfajiri, akikuna nazi, akiosha mchele, akinipiga kofi la mkononi kila nilipochota tui. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena. Nimekula Krismasi nyingi zenye keki na soda za baridi, watoto wangu huniletea zawadi zilizofungwa kwa karatasi ya kumeremeta, nashukuru sana, lakini mdomoni mwangu Krismasi bado ni tui la nazi lililoibwa.

Baada ya ibada na baada ya kula tulijipanga kwaya nzima, tukaenda kwa Bi Mwanaisha tukiimba. Mwalimu alitangulia na sinia kichwani, kifurushi cha kanga kimekaa juu ya mchele, na kawa juu yake. Barazani tulimkuta bibi na wageni wake wa sikukuu, maana sahani zetu za chakula zilikuwa zimetutangulia, na katikati yao, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amekaa Mama Saidi mwenyewe, amekuja kusema anajipanga. Hapo Mwalimu akafanya lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Pwani zawadi hupokelewa ikiwa imefunikwa, ikapelekwa ndani, ikatazamwa huko. Bara zawadi ya watu wengi huonyeshwa, ili kila aliyechanga ajue imefika. Mwalimu akatua sinia, akafunua kawa, akakata uzi, akaikunjua ile doti akaishika juu kwa mikono miwili mirefu, kila mtu aione. "Bibi," akasema kwa sauti yake ya mimbarani, "kwa furaha kubwa ninaikabidhi hii kwa binti yako Zuhura, aliyetufanyia mema."

Mwanamke mmoja barazani, kwa mazoea tu, alipiga kigelegele, akakikata katikati. Tambuu ilisimama shavuni mwa Bi Mwanaisha. Mama Saidi aliinama mbele kidogo. "Mwalimu," aliuliza, "samahani baba, wewe huna mke, eti?"

"Bado, mama," Mwalimu alijibu akitabasamu, "lakini namwomba Mungu, na naona anaelekea kunisikia."

Nyuma yangu mfuniko wa sufuria ulianguka chini. Aliyekuwa ameshika sufuria ni mama mdogo, na nilidhani umemteleza.

Bi Mwanaisha alipokea kwa maneno mazuri, tukaimba wimbo mmoja zaidi, tukaondoka tukijipongeza. Sikufika mbali. Aliniita nirudi, akanipeleka uani, akanikalisha kwenye kinu kilicholala. Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, naona jicho moja tu.

"Kanga ile kachagua nani?"

"Mie, bibi."

"Na Mwalimu aliijua?"

"Hakuiona. Nilimpa imefungwa."

"Na wewe ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu."

Akatema tambuu ili acheke vizuri. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu," akasema, "kile ni kisutu. Hakina maneno kwa sababu hakiyahitaji. Kisutu ni nguo ya bibi harusi. Kapera akikileta kwenye sinia, mbele za watu, kwa jina la mwari aliye ndani, ameshaposa, hana haja ya kufungua mdomo. Na wenu akaufungua!"

Nilisema nakwenda sasa hivi kumweleza Mama Saidi kwamba kosa ni langu. Bibi akanivuta mkono. "Uende wapi? Yule mama kaacha chai nusu kikombe. Tangu aanze kuja hapa hajaacha hata mashapo. Katoka mbio na viatu mkononi. Nakwambia, Ijumaa baada ya swala watakuwa hapa na mahari. Sie hatukusema uongo, hatukusema kitu. Na wewe nyamaza mpaka Ijumaa."

"Shoga," sauti ya Zuhura ikatoka nyuma ya mlango, na haikuwa na utani hata kidogo, "nakuomba. Wakimchukua yule wa Kinondoni, mie nitakufa humu ndani na ukili mkononi."

Nikaahidi. Kumwahidi rafiki ni rahisi ukiwa hujatazama upande wa pili. Kesho yake asubuhi niliutazama. Habari ilikuwa imefika kisimani, kwenye magenge, hadi Temeke. Mwalimu wa kanisa kamposa binti wa Kiislamu. Mwalimu anabadili dini. Mwuza mkaa mmoja alinihakikishia kwamba jina jipya la Mwalimu ni Yusufu na kwamba ameshatahiriwa mara ya pili. Wanaume wa kwao Zuhura walikuwa wakali, lakini bibi aliwazuia kwa kuwaambia wangoje Ijumaa. Wazee wa kanisa hawakuwa na mtu wa kuwazuia. Mzee Elikana aliitisha baraza Jumatano, na kila mtu alijua sheria: mwinjilisti akitaka kuoa nje ya kanisa, anavuliwa kazi. Kazi ile ndiyo ilikuwa nyumba yake, chakula chake na jina lake. Nikisema ukweli, Mama Saidi atausikia kabla ya jioni na ataanza tena kujipanga. Nisiposema, mtu asiye na hatia anafukuzwa kwa sababu mimi ni mjuaji.

Jumanne hiyo hiyo nilimwendea Mwalimu. Alikuwa amepanda juu ya lile benchi la tisa, akilitegemeza kwa ustadi, akiondoa sufi kwenye mvinje na kuirudisha ndani ya mto wa Mzee Elikana. Nilimweleza yote bila kupumua: Mhindi, kisutu, Mama Saidi, Ijumaa. Aliendelea kuchambua sufi. Nilipomaliza alishuka, akakaa, akaniuliza swali moja.

"Zuhura anamtaka huyo seremala?"

"Anamtaka kabisa, Mwalimu."

"Wewe una hakika, au unajua tu kama ulivyojua kanga?"

"Nina hakika. Analia."

Akatazama mbele kwa muda, upande wa nyumba yetu. Nilidhani anatazama moshi. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua. Kisha mabega yakaanza kutikisika. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi," akasema. "Siku tatu. Hata Yona alikaa tatu ndani ya samaki, na samaki yule hakuwa na wazee wa baraza." Akaniambia niende zangu, nisiseme, yeye atajua la kuwaambia. Nilitoka pale mwepesi, nikiimba. Hilo linanitia aibu mpaka leo, jinsi nilivyotoka nikiimba.

Jumatano baraza lilikaa kanisani, nami ndiye niliyepeleka chai, kwa hiyo nilisikia. Mzee Elikana aliweka saa yake mezani. "Yoeli, kanga ile ilitoka wapi?" Mwalimu akasema ilitoka mkononi mwake, mbele ya watu wote. "Unajua maana yake?" Akasema sasa anaijua. "Unamtaka binti yule?" Hapo Mwalimu akasema, "Wazee wangu, kwa swali hilo naomba mnipe hadi Jumamosi." Wakanung'unika. Mtu anayehitaji siku tatu kujibu swali la namna ile, mmoja alisema, ameshalijibu. Wakachukua ufunguo wa kanisa, wakamwambia asisimame mbele mpaka Mchungaji aje. Mwalimu alitoa ufunguo, akainama, akawashukuru. Halafu wote wakanywa chai, na nyuso zikaanza kupinda mmoja baada ya mwingine, maana mama mdogo Rebeka alikuwa ametia chumvi badala ya sukari. Hadi anaingia kaburini hakunieleza kama ilikuwa bahati mbaya. Wazee walikunywa yote, kwa heshima, na Mwalimu aliomba aongezewe.

Alhamisi kwaya haikuimba. Mama mdogo alitwanga tangu asubuhi. Alitwanga mahindi, na mahindi yalipokwisha alitwanga mihogo mikavu ambayo hakuna aliyeihitaji. Cherehani ilibaki mezani. Jioni Mwalimu alipopiga hodi, mama mdogo hakuinuka. "Mwambie hatukupika," akaniambia, na sufuria la maharage linatokota kati yetu. Nikaenda mlangoni nikamwambia. Alivuta harufu ya maharage, akasema, "Haya, wasalimie," akaondoka. Nilidhani mama mdogo anaona uchungu kwa ajili ya jina la kanisa. Nikamwambia, kwa hekima yangu yote, asihuzunike, Mungu atatuletea mwinjilisti mwingine. Alinitazama kwa namna ambayo nilichukua ndoo nikaenda kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa.

Ijumaa waumini wa msikitini walipotoka swala, nilikuwa nimeshakaa juu ya mkorosho wetu kama mlinzi wa mashamba. Niliwaona wakija kwa njia ya Temeke: wazee watatu wenye kanzu, mjomba wa Saidi na mkoba, wanawake na masinia, na mbele yao wote, akitweta, Mama Saidi. Safari hii alikuwa amejipanga. Waliingia. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu kigelegele kilipasuka ndani ya nyumba ya Bi Mwanaisha, kizima, kirefu, hakikukatwa katikati, kikapokewa na cha pili na cha tatu, na kutoka dirisha la chumba cha ndani ukatoka mkono mmoja wenye ukili, ukaupepea ukili huo kama bendera, ukaingia ndani. Niliteremka nikikwaruza magoti, nikakimbia.

Mwalimu alikuwa nje ya kanisa, kwa kuwa ufunguo hakuwa nao, akigongelea mguu wa lile benchi. "Mwalimu, tayari!" nikapiga kelele. "Wamekuja, wametoa, siku imewekwa! Naenda kwa Mzee Elikana sasa hivi, namwambia yote, nimekubali hata kuchapwa!"

Nilikuwa nimeshageuka aliponiita. Aliweka nyundo chini polepole.

"Asnati. Wazee watangoja, nimewaahidi Jumamosi. Anza nyumbani. Nenda kamwambie mama yako mdogo."

"Mama mdogo?" nikasema. "Yeye si mzee wa baraza."

Aliinamia misumari yake, na shingo yake yote, yule mtu mrefu aliyesimama mbele ya wazee bila kutikisika, ilikuwa imebadilika rangi kwa haya. Nilisimama pale na ujuaji wangu wote ukanivuka kama nguo iliyokatika kamba. Cherehani inayoondolewa mezani kila Alhamisi. Mfuniko wa sufuria. Mtu aliyekuwa akimwomba Mungu, na aliyeona Mungu anaelekea kumsikia. Alikuwa amepima pale chini ya mvinje Jumanne, akitazama nyumba yetu, na alijua ni nini anachoweza kukipoteza, na hakikuwa ufunguo. Nilikuwa nimechukua siku tatu zake nikaondoka nikiimba. Nililia palepale, mbele yake, kwa sauti. Akasema, "Lia ukienda, mwanangu. Usichelewe."

Mama mdogo alikuwa akipeta mchele uani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi sistahili kukaa. Hakuacha kupeta mpaka nilipofika Jumanne. Hapo ungo ukatulia.

"Kwa hiyo hakukichagua yeye."

"Hata kukiona hakukiona, mama."

"Na Jumanne ulipomwambia, akajua mie nafikiri nini. Na akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Kwa ajili ya mtoto wa watu."

"Ndiyo, mama."

Aliutazama mchele kama aliyeona jiwe ndani yake. Nilingoja kofi, au machozi, au sala. Akasema, "Amekula?"

"Sijui, mama."

"Tangu jana hajala, najua, yule hajui hata kuchemsha maji." Akainuka, mchele ukamwagika na hakuujali. Akaingia ndani, nikasikia cherehani ikiburutwa kutoka mezani, maji yakimwagwa kwenye beseni, kabati likifunguliwa na kufungwa. Alitoka amefunga kitambaa kipya kichwani, uso umelowa, akinitazama kwa hasira kubwa ya mtu mwenye furaha. "Unasimama nini? Si umwite! Kimbia!"

Nikakimbia. Nilipofika kanisani nilimkuta ameshaacha benchi, amesimama mlangoni akiningoja, na amevaa koti lake jeusi la Jumapili, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, katika joto lile la Desemba.